Mtwishaji Asiyebeba Kitu

Miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumwona amebeba kitu njiani, hata mfuko wa nyanya. Alitoka kwake mikono mitupu, akarudi mikono mitupu, na mkewe akimwagiza dagaa, dagaa waliletwa na mtu mwingine. Lakini hakuna robota lililotoka kwenye stoo zetu nyuma ya soko la Kariakoo bila kupita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyekuwa akitutwisha.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze. Kuli hawezi kujiwekea robota la vitenge kichwani. Unachuchumaa, unaweka ngata yako sawa, watu wawili wanalinyanyua na kulileta juu yako, na mmoja wao lazima awe anajua pa kuliweka. Likikaa mbele kidogo, shingo inaumia. Likikaa nyuma kidogo, kiuno. Ukifika unakokwenda vilevile hujitui, unasubiri wa kukutua. Huyo anayejua pa kuliweka ndiye mtwishaji. Jina lake tulilijua wote, hakuna aliyelitumia.

Alikuwa mtu wa mwambao, mwembamba, kofia ya mkono imegeuka rangi kwa jasho, shati daima limefungwa kifungo cha juu kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Alikuwa na neno moja la kazi. Mzigo ukishakaa, anakupiga kofi dogo mgongoni na kusema, "Haya." Hapo unasimama. Hukuruhusiwa kusimama kabla ya haya, wala kubaki chini baada yake.

Sheria yake nyingine ilikuwa hii: mtu mwenye mzigo haongeleshwi. Ukipita na robota kichwani ukamwambia shikamoo mzee, hakuitikii, anatazama pembeni kama hajakusikia. Ukishatuliwa, hata kama imepita nusu saa na umeshasahau, anakujia na kusema, "Marahaba." Wageni walimwona ana dharau. Sisi tulizoea. Alisema mtu aliyebeba akijibu anavuta pumzi isiyo yake, na akicheka ndiyo basi, shingo imekwenda. Siku moja karani wa stoo, anaitwa Mbaraka, alimsimamisha kuli mwenye mzigo kumuuliza habari za mpira. Mzee alimwendea Mbaraka akamziba mdomo kwa kiganja, mbele ya wateja. Akarudi kazini.

Majina hakuyataka. Alikuita kwa mzigo wako. Kulikuwa na Betri, kulikuwa na Maboksi, na mimi nikawa Robota. Hata mke wangu Mwanahawa aliitwa naye Mama Robota, jambo ambalo Mwanahawa hajalisahau.

Viti alivichukia. "Kiti cha karani," alikuwa akisema, akimaanisha mtu asiye na faida. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, au alichuchumaa tu ukutani na kahawa yake, akiwa na umri ambao wenzake wanasukumwa ili wainuke. Mwenye duka la vitenge tuliyekuwa tukimbebea, mzee wa Kihindu tuliyemwita Babu, alikuwa na viti vya plastiki vyeupe vya wateja, na kila asubuhi alimkaribisha.

"Kaa basi, mzee mwenzangu."

"Sijachoka."

"Nani kasema umechoka? Nimesema kaa."

"Kaa wewe, viti vyako."

Miaka nenda rudi, maneno yaleyale. Sikukuu ya taa ya Wahindu ilipofika, Babu alitugawia visheti vyao vya maziwa. Mtwishaji alipokea kwa mkono wa kulia, akashukuru, akatutangazia kwamba yeye vitu vitamu hali, vinalegeza mwili. Kisha alizunguka nyuma ya stoo. Ukimfuata ungemkuta anakula, macho kafumba.

Yeye hakumpenda mtu dhaifu. Kuli akiumwa malaria, yeye hakumwendea kumtazama. Akirudi amekonda, alimpa mzigo mdogo bila kusema, na siku nzima hakumtazama usoni. Wengine waliita huruma. Mimi sikujua niite nini, na mpaka leo sijui.

Sasa niingie kwenye yangu, kwa sababu bila hayo huyu mzee hamumuelewi.

Viganja vyangu vilianza kukua. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, nina binti, na mikono inakua kama ya mtu wa miaka kumi na mitano. Pete ya ndoa ilikatwa kwa msumeno wa fundi baiskeli. Viatu vikanibana, nikanunua vikubwa, vikabana tena. Taya likatoka mbele, sauti ikawa nzito, nikawa nakoroma mpaka wapangaji wa vyumba vya jirani wanagonga ukuta. Kichwa kiliniuma kila siku. Pembeni nikawa sioni vizuri, nagonga watu wa sokoni, wananitukana.

Darasa la saba sikulimaliza, lakini wa kulaumiwa nawajua na nitawataja. Wa kwanza Kassimu, mwenye duka la dawa pale kona. Kwa miaka aliniuzia vidonge vya maumivu na hakuwahi kuniambia nenda kapimwe. "Mwili mkubwa una maumivu makubwa, kaka," ndiye daktari huyo. Wa pili Jumanne, msukuma guta, aliyeniita Greda. Nikipita anapiga kelele, "Pisheni, Greda linachonga barabara," watu wanacheka, na mimi mjinga nacheka nao, maana nilidhani ni sifa. Wa tatu ni yeye, mtwishaji. Alichukua kiganja changu akakiinua juu kuwaonyesha wengine. "Tazameni mkono wa kazi huu." Kisha akaanza kunipangia marobota makubwa zaidi. Ninamtaja naye, sitamruka kwa sababu nimempenda.

Ukweli ni kwamba mikono ilikuwa inakua na nguvu inaondoka. Ngazi za stoo nilizipanda nikishika ukuta. Kuinua mkono kuchukua shati kwenye kamba ikawa kazi. Lakini nani angeamini, mtu ana kiganja kama sahani.

Siku ilifika nikachuchumaa kama kawaida, robota likakaa, akanipiga kofi mgongoni.

"Haya."

Sikusimama.

"Haya, Robota."

"Magoti hayapo, mzee."

"Yako wapi, yameenda Zanzibar?" Huyo ni Jumanne. Watu wakacheka.

Walilitoa robota juu yangu. Nikabaki nimechuchumaa vilevile, mtu mzima, sina mzigo na siwezi kuinuka. Mtwishaji alisimama mbele yangu, nikaona miguu yake na ndala zake. Nikanyoosha mkono ashike. Hakuushika. Akasema, "Toka njiani," akamwita Maboksi aje achukue robota langu. Nilitoka njiani kwa kutambaa. Wiki hiyohiyo Mbaraka aliniondoa kazini.

Hospitali kubwa kule Upanga waliona. Daktari alinionyesha kwenye picha: chini ya ubongo kuna katezi, kadogo kama punje ya choroko, ndiko kanakoamrisha mwili ukue, utumie chumvi, upate nguvu asubuhi. Kangu kalikuwa na uvimbe. Walipasua kupitia puani. Jumanne alitangaza soko zima kwamba Greda ametolewa ubongo kwa pua, na bado kuna watu wanaonisemesha polepole.

Nilipona. Hilo neno walilitumia wao. Kichwa kiliacha kuuma, macho yakafunguka, mikono ikakoma kukua. Lakini misuli haikurudi. Mapaja na mabega vilikuwa kama vya kuazima. Daktari alisema ndivyo inavyokuwa, uvimbe umeila misuli kwa miaka, na tezi iliyobaki haitoi vya kutosha, kwa hiyo kuna vidonge vya kila siku mpaka kufa, nisiruke hata siku moja, na mazoezi, na subira. Nguvu itarudi kiasi. Nikamuuliza kiasi gani. Akasema tutaona. Ni mtu mzuri, simtaji.

Watu hudhani udhaifu ni kulala kitandani. Udhaifu wangu ulikuwa wa kwenda chini na kupanda juu. Kutembea natembea, polepole, bila tabu. Nikishaketi chini, nimekwisha. Na hebu fikiri maisha yetu yalivyo: chakula mkekani, msiba mkekani, sala chini, choo cha kuchuchumaa. Kila jambo la maana linafanyika chini. Mwanahawa aliinua kitanda kwa matofali ili niinuke kwa urahisi. Kuvaa shati alinivalisha yeye, mkono mmoja baada ya mwingine. Kwa choo alichukua kiti chetu cha plastiki, kimoja tulichokuwa nacho, akakikata tundu katikati kwa kisu cha moto. Kilinisaidia, siwezi kusema uongo. Lakini tangu hapo nikiona kiti cheupe popote nilisikia aibu, kama watu wote wanajua.

Mtwishaji alianza kuja kwangu Ilala. Ijumaa, baada ya sala. Hakuomba radhi, hakuuliza hali, hakuleta hata ndizi. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, hakuingia ndani, Mwanahawa akampa kahawa kwa adabu na uso wa chuma.

"Mzee huyu anakuja kukutazama kama mzigo," Mwanahawa aliniambia alipoondoka. "Anakadiria."

"Mwache."

"Nimwache aendelee kuniita Mama Robota? Robota liko wapi sasa?"

Ijumaa ya kwanza alimaliza kahawa, akageuza uso ndani, mimi niko ukingoni mwa kitanda.

"Simama."

"Siwezi bila kushikwa."

"Sikukuuliza kama unaweza."

"Basi nipe mkono."

"Mimi natwisha mizigo. Watu siinui."

Nilimtukana, kwa sauti, na majirani walisikia. Akangoja nimalize. Kisha akasema, kama mtu anayeelekeza njia ya Posta, "Sogea ukingoni. Miguu irudi nyuma. Pua ipite mbele ya magoti. Haya." Ni yaleyale aliyonifundisha dada wa mazoezi kule hospitali, neno kwa neno, ila yule dada aliyasema kwa upole na mimi nikawa simtii. Kwa huyu nilisimama kwa hasira. Nilisimama, nikayumba, nikaangukia kitanda tena. Akanywa tone la mwisho la kahawa, akaenda zake.

Ikawa hivyo Ijumaa hadi Ijumaa. Ikafika siku nikaweza kuinuka kitandani bila mikono, na kwenye kiti kwa kusukuma sehemu za mikono. Kutoka chini mkekani, hapana. Tulijaribu uani. Niliketi, nikageuka, nikapiga goti moja, nikasukuma, nikabaki hapo kama mbuzi. Mwanahawa na mpangaji mwenzetu wakaninyanyua kwapani. Yeye alitazama yote hayo kutoka mlangoni, mikono nyuma.

Kisha Rehema, binti yangu pekee, akaposwa. Kijana anaitwa Idi, fundi simu, mpole. Ndoa ifungwe msikitini, alasiri, na baba amwoze bintiye kwa mkono wake mwenyewe. Kwetu unaketi mkekani, bwana harusi anaketi mbele yako, magoti kwa magoti, unamshika mkono, unatamka. Baba anaweza kumteua mtu amwakilishe, dini inaruhusu. Mimi sikutaka. Tezi ilikuwa imenichukulia kazi na jina, hili nililitaka libaki langu.

Mdogo wangu Salumu alikuja Ijumaa mzee akiwa mlangoni na kahawa yake. Salumu ndiye wa nne kwenye orodha yangu.

"Kaka, nimefikiri. Nikuwakilishe mimi."

"Kwa nini?"

"Pale chini utaketi, sawa. Kuinuka je? Watu wamejaa, upande wa bwana harusi wote wapo, tukubebe kama jeneza?"

"Shehe kasema naweza kukaa kwenye kiti."

"Kiti gani?" akatazama kuelekea uani, kilipo choo, akacheka kidogo. "Hapana, samahani. Lakini kile cha msikitini cha wagonjwa ni kimoja. Wewe juu, Idi chini miguuni kwako. Itakuwa anaoa au anaomba msamaha?"

Mwanahawa alitoka jikoni. "Shemeji, umekuja kumsaidia au kumpima kaburi?"

"Nasema ukweli, shemeji. Mniambie kama nimekosea."

Hakukosea, ndiyo maana nilimchukia. Nilimtazama mtwishaji, nadhani nilitaka anitetee. Alikuwa akichungulia ndani ya kikombe. Akakiweka chini, akasimama kwa magoti yake mazima, akaondoka bila kuaga. Nikamwambia Salumu nitampa jibu siku yenyewe.

Siku yenyewe nilifika msikitini mapema kwa bajaji na kuketi kwenye ukuta mfupi wa nje, urefu ninaoumudu. Kanzu mpya, Mwanahawa amenivalisha. Vidonge nimekunywa. Salumu alikuwa tayari na joho la kuazima, shehe akatuma mtu kuuliza nani anaozesha. Nilifungua mdomo kusema Salumu. Nilikuwa nimekwishaamua, nisidanganye.

Ndipo nikamwona anakuja kutoka upande wa Kariakoo, katikati ya barabara, pikipiki zinampisha. Alikuwa amebeba. Viti viwili vyeupe vya plastiki vya duka la Babu, kimoja ndani ya kingine, vimegeuzwa miguu juu kichwani mwake, juu ya ngata. Hakuvishika. Mikono ilining'inia pembeni, shingo imenyooka, na kifungo cha juu kimefungwa. Makuli wawili watatu walikuwa wakimfuata kwa mbali, wametoka kazini kuja kutazama tu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Hakuitikia. Alisimama mbele yangu akitazama pembeni.

Mikono yangu haipandi juu ya mabega. Alijua. Akakunja magoti, akashuka taratibu, viti havikutikisika, mpaka kichwa chake kikawa usawa wa kifua changu.

"Nitue," alisema.

Nilimtua. Plastiki tupu, na bado nilivipumzisha mapajani. Akanyooka, akafuta jasho kwa ncha ya kofia.

"Marahaba. Kimoja chako, kingine cha mkweo."

Salumu alianza kusema jambo kuhusu watu watakavyosema. Mzee alimtazama kwa namna aliyomtazama Mbaraka siku ile, na Salumu akaziba mdomo wake mwenyewe.

Ndani Idi aliona haya kukalia kiti wakati wazee wako mkekani. Akasitasita. Mtwishaji, aliyekuwa amechuchumaa nyuma kabisa karibu na viatu, alisema kwa sauti ya stoo, "Kaa. Baba mkwe yuko huko juu." Watu wakacheka, na shehe akacheka. Idi akakaa. Magoti yetu yakagusana, sawa kwa sawa. Nilishika mkono wake, wangu ukaufunika wote, nikatamka maneno mwanzo hadi mwisho, na akayapokea. Kisha nikasogea ukingoni, miguu nyuma, pua mbele ya magoti. Lile neno haya nililisema mwenyewe, kimoyomoyo. Nikasimama, hakuna aliyenishika.

Nje, watu wakigawiwa haluwa, alikuja amebeba viti vyake mkononi, jambo la pili ambalo sikuwahi kuliona. Haluwa aliikataa mbele za watu. Tulisimama kando ya ule ukuta.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimeyaweka tangu nilipotambaa mbele ya ndala zake, na mengine yalikuwa yameongezeka Ijumaa moja moja, na mengine yalikuja alasiri ile. Hayakufanana. Nilikuwa bado napanga lipi litangulie.

Akanitangulia yeye. "Niliona mikono," alisema. "Magoti sikuyaona."

Na kabla sijajibu, akaweka ngata kichwani, akakunja magoti, akashuka mbele yangu mpaka mikono yangu inapofika.

"Nitwishe. Babu anafunga duka."

Nikavichukua viti. Nikaviweka, vikakaa mbele kidogo, nikavirudisha nyuma, vikakaa vizuri. Alingoja. Nilichelewa kuelewa anangoja nini. Kisha nikampiga kofi dogo mgongoni.

"Haya," nikasema.

Akasimama, akaondoka na barabara kuelekea Kariakoo, hakuvishika. Sikumuita. Alikuwa na mzigo.